Cherehani moja, madeni mawili, sare mia na ishirini

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa mafundi nguo. Kila mmoja ameuliza kwa namna yake, lakini swali ni lile lile: ninajituma usiku na mchana, mbona sitoki? Tumejibu kwa futi kamba na kalamu, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya walioandika ambaye ni mvivu. Kinachowarudisha nyuma ni jasho wasilolihesabu. Bei zilizomo, kwa shilingi za Tanzania, ni za waandishi wa barua wenyewe au ni za mfano. Weka za soko lako, hesabu ni ile ile.

*

Shikamooni wahariri. Nina watoto wawili, nashona kwenye kibaraza cha mwenye cherehani. Nalipwa 2,000 kwa kila gauni, kwa siku namaliza mawili au matatu. Kwa miezi mitano nimeweka 180,000. Kuna mama anauza cherehani ya miguu iliyotumika kwa 220,000. Shemeji ananishauri nikope nichukue ya kiwandani yenye mota. Nishike lipi?
— Wa kibarazani, Mbagala, Dar es Salaam

Marahaba, dada. Shika ya miguu, na usikope. Cherehani ya kiwandani inashona haraka, kweli, ila haraka hiyo inakufaa ukiwa na kazi za kuilisha kutwa nzima. Kwa sasa oda zako bado ni za kusubiri mteja apite. Ya miguu haidai umeme, kila mtaa una mtu wa kuitengeneza, na vipuri vyake, yaani bobini, sindano na mkanda wa ngozi, vinapatikana hata kwenye duka la vifungo. Umeweka 36,000 kila mwezi bila kukosa. Ukiendelea hivyo miezi miwili mingine utakuwa na 252,000. Lipa 220,000, na hiyo 32,000 inayobaki ndiyo ya vifaa. Wengi humaliza pesa yote kwenye cherehani, kisha wanakatia kitambaa mkasi wa kuazima, kingo zinatoka na meno.

Kabla ya kulipa, nenda mchana na uende na vitambaa vyako: kipande cha pamba nyepesi na kipande cha khaki nzito. Toa uzi wote, halafu zungusha gurudumu la mkono polepole. Linatakiwa lizunguke kwa uzito mmoja mwanzo mpaka mwisho. Likikwama sehemu moja kila mzunguko, huenda ni uzi uliosokotana chini, na hilo dogo. Lakini huenda pia ni chuma kilichopinda ndani, na hilo ni la kuachana nalo. Shika ile fimbo inayobeba sindano uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, imelika, na cherehani hiyo itaruka mishono maisha yake yote. Pitisha kidole kwenye meno yanayosukuma kitambaa: yawe makali. Yakiwa laini kama kokoto la mtoni, kitambaa kitateleza na mishono itatoka mirefu na mifupi.

Sasa tia uzi mwekundu juu na mweupe chini, ushone sentimita 30 kwenye pamba, kisha sentimita 30 kwenye khaki iliyokunjwa mara nne. Tazama pande zote mbili. Vitanzi vyekundu vikionekana chini, uzi wa juu umelegea. Nukta nyeupe zikichungulia juu, uzi wa juu umekaza mno au wa bobini umelegea. Hayo hurekebishwa kwa skrubu, usiyaogope. Tena yanakupa hoja ya kuombea bei ipungue. Cha kuogopa ni mishono iliyorukwa hata baada ya kuweka sindano mpya. Kwa hiyo nenda na sindano mpya, namba 11 kwa ile pamba nyepesi na namba 16 kwa khaki.

Vifaa vya kuanzia: mkasi wa kitambaa wa inchi 9 au 10 usiogusa karatasi hata siku moja, chaki, pakiti ya sindano, mafuta safi ya cherehani, na futi kamba mpya. Futi kamba uipime na rula ya chuma dukani, kwa maana za kitambaa huvutika, na inchi 60 iliyovutika nusu inchi itakuharibia kila kiuno. Mafuta ya kupikia usiyatie kamwe. Yanakauka yakawa gundi. Tone moja kila tundu, kila baada ya kazi ya kutwa, kisha shona kwenye kitambaa chakavu mpaka madoa yaishe. Ovaloki, ile cherehani ya kufunga kingo, isubiri. Peleka nguo kwa jirani mwenye nayo akupigie kwa malipo ya kila nguo, na gharama hiyo uiweke kwenye bei yako.

Kibaraza usikiache siku hiyo hiyo. Mchana endelea kwa mwenye cherehani, jioni nyumbani upokee marekebisho: kubadilisha zipu, kupunguza kiuno, kukunja suruali. Wapo mafundi wanaoyadharau marekebisho. Kwa mwenye mtaji mdogo hakuna kazi bora kuliko hiyo, kwa sababu hununui kitambaa, unalipwa siku hiyo hiyo, na mteja wa zipu leo ndiye wa gauni la Idi.

*

Habari za kazi. Nashona mashati ya shule, kitambaa natoa mimi, nauza 9,000. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nalala saa sita usiku, mashati matano kwa siku. Mwisho wa mwezi nakopa kodi ya fremu. Sielewi.
— Fundi mashati, Morogoro

Ndugu yetu, tulichukue shati lako moja tulifumue mshono kwa mshono. Shati la mikono mifupi la mtoto wa darasa la tano linakula kama mita 1 ya kitambaa cha upana wa inchi 60. Tuseme 5,000. Vifungo saba vya 50 ni 350, gamu ya kukazia kola 300, uzi 200, ovaloki 500, pasi na umeme 200, mfuko 100. Jumla 6,650. Katika 9,000 imebaki 2,350, na hapo ndipo mafundi wengi husema wamepata faida.

Bado. Fremu ya 60,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi ni kama 2,300 kwa siku. Kwa mashati matano, 460 kila moja. Tenga 20,000 kwa mwezi ya matengenezo ya cherehani na mkasi, ambayo ni kama 150 kwa shati. Sasa imebaki 1,740. Hicho ndicho kipato chako kwa kukata, kushona, kutoboa matundu ya vifungo na kupiga pasi. Kama shati linakuchukua saa 1 na dakika 40, unajilipa kama 1,040 kwa saa, na siku nzima 8,700.

Sasa angalia linalouma zaidi. Mteja mmoja akichukua shati kwa mkopo asirudi, umepoteza 6,650 ya vifaa na 610 ya kodi na matengenezo, jumla 7,260. Ili kuirudisha lazima ushone mashati manne bure, na la tano uanze nalo. Kama kila wiki una wawili wa namna hiyo, mashati yako manane kati ya thelathini hayakulishi wewe. Kodi yako imekwenda huko. Kwa hiyo kuanzia wiki hii kianzio kisipungue gharama ya kitambaa na vifaa vyote, yaani 7,000 katika shati lako, na shati halivuki mlango kabla salio halijaingia. Mteja wa miaka mingi atanuna kidogo. Mwambie kwa upole kuwa duka la vitambaa nalo halikukopeshi.

Jambo la pili ni hizo saa. Mashati matano kwa saa 1 na dakika 40 ni saa 8 na dakika 20. Wewe uko macho saa 19. Chukua saa ya simu, uandike siku tatu mfululizo kila kinachokutoa kwenye cherehani. Utakuta safari ya kufuata uzi mweupe, safari ya vifungo, mteja aliyekuja kuulizia nguo ambayo siku yake haijafika, kola iliyofumuliwa mara mbili. Nunua mahitaji mara moja kwa wiki, kwa daftari. Siku ya kuchukua nguo iandike kwenye kikaratasi umpe mteja, na uiweke siku mbili mbele ya ile unayoamini utamaliza.

Kisha acha kushona shati moja moja mpaka mwisho. Kata matano pamoja, shona kola zote tano, halafu mifuko yote, halafu mabega yote. Mkono unakaa kwenye kazi moja, huinuki kubadilisha uzi wala kwenda kwenye pasi mara tano. Ukikata mawili kwa pamoja, mgongo wa moja ubavuni mwa mwingine na mikono ikijazwa kwenye mapengo ya shingo, mara nyingi mita 1.8 inatosha badala ya 2. Hiyo ni 500 kwa kila shati, na umeipata bila kumgusa mteja. Baada ya hayo pandisha bei mpaka 10,500 kwa oda mpya. Ukipandisha bei huku bado unachelewesha nguo, watakuhama.

Na pesa ikae mahali patatu: ya vifaa, ya kodi na matengenezo, na mshahara wako. Mshahara ujilipe kila Jumamosi kwa kiwango kimoja. Hela ya jora ikinunua sukari ya nyumbani, Jumatatu utakopa jora.

*

Nilikopa 200,000 ya kausha damu, ile mikopo ya riba kali, narejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Biashara ilipodorora nikakopa kwingine 150,000 kulipia ile ya kwanza. Sasa naambiwa watachukua cherehani. Naomba ushauri kabla sijaaibika.
— Mama wa watatu, Tandika

Pole sana, dada, na hakuna aibu hapa. Hesabu yenyewe ndiyo ilikuwa imekukaba tangu siku ya kwanza. 10,000 mara 26 ni 260,000, riba 60,000, yaani asilimia 30 ndani ya mwezi mmoja. Tena hukukaa na ile 200,000 mwezi mzima, ulianza kuirudisha kesho yake. Kwa wastani ulikuwa umeshika kama nusu yake tu. Riba halisi ya pesa uliyokuwa nayo mkononi inakaribia mara mbili ya hiyo 30. Hakuna gauni linaloingiza faida ya kasi hiyo.

La kwanza, mkopo wa tatu hapana, hata uje na tabasamu. La pili, leo usiku andika kwenye karatasi moja: nani unadaiwa naye, kiasi gani, umelipa mara ngapi, na karatasi uliyosaini inasema nini juu ya dhamana. Wengi hutishiwa kunyang'anywa vitu ambavyo havimo kwenye karatasi. Uliza pia leseni yao. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni chini ya Benki Kuu ya Tanzania. Asiye nayo hana ujasiri wa kukufikisha mbele ya sheria, na ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali halali pa kukaa naye mezani.

La tatu, wafuate kabla hujakosa siku nyingine. Anayekwenda mwenyewe na kusema "10,000 siiwezi, 4,000 kila siku naiweza" hupata nafasi kuliko anayezima simu. Mkikubaliana, iandikwe na isainiwe, na kila unacholipa upewe risiti au upitishe kwenye simu ili ujumbe ubaki. Huku nyuma kusanya madeni yako kwa wateja, uza nguo zilizosusiwa kwa bei ya kitambaa tu, na kwa mwezi huu pokea marekebisho peke yake. Cherehani ndiyo jembe lako. Ukiuza kitu, uza televisheni kwanza.

Ukishatoka, kuna milango miwili yenye nafuu. Mmoja ni kikundi cha kuweka na kukopa mnaofahamiana, ambapo riba inarudi kwenu wenyewe mwisho wa mzunguko. Wa pili ni mikopo ya halmashauri kwa vikundi. Sheria inazitaka kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Chagua wenzako wa kikundi kwa macho makavu, kwa sababu mmoja akitoroka, sehemu yake mtaibeba nyote. Na isiwe ya mtu mmoja kununua cherehani na mwingine kuanza kuuza samaki; vikundi vya namna hiyo huanguka kwenye rejesho la pili.

*

Hamjambo. Nimeshona miaka sita, sina cheti. Kiwanda na hoteli wanaitisha karatasi. Nirudi shule nianze upya?
— Kijana, Nakuru

Hujambo kijana. Hapana, huhitaji kuanza upya. Kwa Kenya nenda kwenye ofisi ya NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, uulizie mtihani wa ufundi wa ushonaji. Huanzia gredi ya III, kisha II, kisha I, na sehemu kubwa ni kazi ya mikono: unapewa kitambaa, maelezo na muda. Ndugu wa Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo inao utaratibu wa kumpima na kumpa cheti aliyejifunza kazi mtaani.

Fundi wa mtaani hashindwi mtihani kwa kutojua kushona. Anashindwa kwa kukadiria kwa macho, wakati mtahini anataka umwonyeshe pateni, yaani kiolezo cha kukatia, kwenye karatasi, kila kipande kimeandikwa jina, kimewekwa mshale wa uelekeo wa uzi na nafasi ya mshono. Jizoeze mwezi mzima kukata kwa pateni hata nguo unazozijua usingizini. Ncha mbili za kola zipime kwa rula: zikitofautiana milimita 3, anaziona. Ndani ya nguo pasiwe na nyuzi zinazoning'inia. Na jipime muda, maana mitaani tumezoea kesho.

*

Nimepata bahati: shule binafsi imenipa sare seti 120, shati na kaptula au sketi, za Januari. Sijawahi kupokea zaidi ya kumi. Nina furaha na hofu.
— Fundi wa Kirumba, Mwanza

Hongera, kaka. Hofu yako ina maana. Oda ya kwanza kubwa ndiyo imezamisha mafundi wengi wazuri. Twende polepole.

Kabla ya kununua hata nusu mita, pata karatasi moja iliyosainiwa na mkuu wa shule, yenye kipande cha kila kitambaa kilichobanwa kwa pini, idadi, bei ya seti, tarehe ya kukabidhi, na nani anabeba gharama mtoto akiongezeka baadaye. Omba kianzio kinachofunika kitambaa na vifaa vyote; kwa sare kwa kawaida hicho ni zaidi ya nusu ya bei. Shule ikisema italipa mwisho, ujue inakuomba wewe mwenye fremu ya kupanga uikopeshe. Hapo ni bora ushone 40 unazozimudu.

Kitambaa kifanyie jaribio. Kata mraba wa sentimita 50 kwa 50, ufue, uanike, upige pasi, upime tena. Ukikuta 48.5, kimerudi kwa asilimia 3, na sketi ya sentimita 60 itapungua karibu 2 baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Ama ukifue chote kabla ya kukata, au uongeze urefu. Kitambaa cheupe kipitishie na pasi ya moto mkali. Cha bei ya kutupa hugeuka njano mbele ya macho yako. Kisha nunua chote kwa mkupuo mmoja, na ziada ya asilimia 5. Jora la leo na la wiki ijayo, hata kama namba ya rangi ni moja, bluu zake hazilingani. Kila jora litie alama, na vipande vya nguo moja vitoke kwenye jora moja. Kaptula yenye mguu wa bluu iliyokoza na mwingine uliopauka utaiona ukishaitoa juani, na hapo umechelewa.

Watoto wapime wote, lakini usikate nguo 120 tofauti. Wapange kwa kifua: inchi 24, 26, 28, 30, 32. Hesabu wangapi wanaangukia kila saizi. Aliye katikati apewe kubwa. Shona seti moja ya kila saizi, ipeleke, wavalishwe watoto watano mbele ya mwalimu, asaini sampuli, nawe ubaki nazo. Sketi iache pindo la inchi 2 na nusu, na kaptula iache inchi nzima ya ziada kwenye mshono wa nyuma wa kiuno. Mzazi atakayeweza kuishusha sketi mwaka wa pili hatokusahau.

Kitambaa kikunjue mezani kilale usiku kucha, kwa maana kikitoka kwenye jora kimevutika, na ukikikata papo hapo vipande vitajikunyata. Kwa mkasi wa mkono usizidishe matabaka sita. Ukipanga kumi, la chini linasogea na kola ya chini inatoka pana kuliko ya juu. Bana kingo kwa vibanio. Kila kipande andika saizi na namba kwa chaki upande wa ndani, ufunge kwa mafungu ya kumi kumi kwa utepe wa kitambaa.

Muda nao una hesabu yake. Tuseme seti moja inakula saa 2 na nusu kwa jumla ya mikono yote. Seti 120 ni saa 300. Mkiwa wanne kwa saa 8 kila siku, mnatoa saa 32. Kazi ni siku 9 na kidogo. Ongeza theluthi ya umeme kukatika, mtu kuugua na nguo za kurudia, zinakuwa 13. Usishone Krismasi. Anza wiki ya mwisho ya Novemba, mwalimu akabidhiwe kabla ya katikati ya Desemba, wazazi wachukue kwa nafasi na wewe ubaki na muda wa kubadilishana saizi.

Mmoja akate na kukagua, na huyo ni wewe. Wawili washone, mmoja kwenye mashati, mwingine kwenye kaptula na sketi, wasibadilishane. Wa nne ovaloki, vifungo na pasi. Walipe kwa nguo iliyopita ukaguzi, na uwaambie mapema unachokagua: mishono 10 hadi 12 kwa inchi, mfuko uliorudiwa pembeni, zipu inayopanda na kushuka mara tano bila kukwama, kifungo kisichong'oka kwa kuvutwa. Nguo mbovu irudi kwa aliyeishona siku hiyo hiyo, angali anakumbuka alivyofanya.

Shule itakudai risiti. Namba ya mlipakodi unapewa bure TRA, mamlaka ya mapato; jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Weka kumbukumbu ya kila unachouza na kununua. Bila daftari utakadiriwa, na kwenye makadirio huna cha kujitetea. Ukishakuwa na hayo na oda mbili kama hii kwenye faili, unaweza kujisajili NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza 2023. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na mashuka ya hospitali na sare za wahudumu huweza kuwemo.

*

Cherehani yangu inaruka mishono nikishona jezi, kitenge inashona sawa. Fundi anataka 40,000.
— Kigoma

Usimpe bado. Jezi inataka sindano yenye ncha ya mviringo, namba 11 au 14; sindano ya kawaida inatoboa nyuzi zake badala ya kupita katikati. Badilisha hiyo kwanza, na uhakikishe upande bapa wa shina unaelekea kinyume na upande unaoingizia uzi. Sindano ya zamani ipitishe ncha kwenye ukucha: ikikwaruza, itupe. Tatizo likibaki hata kwa sindano mpya sahihi, ndipo umwite fundi.

*

Kwa miaka minne nimetoka kwenye cherehani ya kukodi mpaka tatu zangu, na vijana wawili. Lakini nikiondoka nusu siku, kazi inaharibika. Nitashona mwenyewe mpaka lini?
— Mama fundi, Moshi

Umefika mbali, mama, na swali lako ni la mtu aliyefika. Kiti chako sasa ni meza ya kukatia. Kosa la mshono linafumuliwa, kosa la mkasi limemaliza kitambaa; kwa hiyo mkasi, vipimo na ukaguzi baki navyo wewe, na cherehani ziachie vijana. Kinachoharibika ukiondoka ni kile ambacho kimo kichwani mwako peke yako. Kitoe. Kila oda iwe na karatasi yake imebanwa kwenye kitambaa: vipimo, mchoro wa shingo na mikono, siku ya kuchukuliwa, kianzio kilicholipwa. Pateni za saizi unazozirudia zikate kwenye kadibodi, zitobolewe, zitundikwe ukutani kwa msumari.

Cherehani ya nne usiinunue mpaka hizo tatu ziwe zinazunguka kutwa kwa miezi mitatu mfululizo. Zikikaa saa mbili kwa siku zinasubiri kazi, pesa yako ielekee kwenye ovaloki au kwenye mota za servo. Mota ya klachi hunguruma na kula umeme hata pale kijana anapopanga kitambaa. Ya servo huzunguka anapokanyaga tu.

Kijana mpya akija, usimpe nguo ya mteja. Mpe cherehani isiyo na uzi na karatasi ya daftari yenye mistari, ashone juu ya mistari kwa siku mbili. Kisha mchoree miraba, ajifunze kusimamisha sindano ikiwa ndani ya kona na kugeuza karatasi. Kisha miduara, ambayo itamtoa jasho. Inua kila karatasi dirishani. Matundu yakikaa juu ya mstari toka mwanzo hadi mwisho, mtilie uzi.